Uzi wa mapishi tuliyorithi Moshi na Arusha: njoo na kipimo, na useme nani alikufundisha

Binti wa Kibosho (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa wangu shikamooni.

Nimekuwa msomaji tu humu kwa muda mrefu, leo nafungua uzi. Bibi yangu mzaa mama alifariki miaka minne iliyopita na kiburu chake kimeondoka naye. Wajukuu tuko kumi na mmoja, mabinti zake watatu wapo hai, na kila mmoja wetu ameshajaribu. Vitu vilivyokuwa vinaingia mle tunavijua vyote: ndizi mchare, maharage, kitunguu, magadi, chumvi, mafuta kidogo. Bibi hakuwa mtu wa kuficha. Lakini kikifika mezani watu wanakula kimya, halafu mama anasema, "Kizuri, ila si kile."

Nilikuwa nimemrekodi kwenye simu, kama dakika arobaini, anaeleza huku anapika. Simu ikaingia maji, nikaipeleka kwa fundi mmoja, ikarudi inawaka lakini ni tupu kabisa. Nililia kama nimefiwa mara ya pili. Na hata ile sauti nikiikumbuka, bibi alikuwa anasema "unatia magadi kidogo", "unaacha mpaka ikubali", "chumvi ya kutosha". Kidogo ndiyo kiasi gani? Ikikubali inakuwaje? Nilikaa naye pale pale jikoni, moshi unanitoa machozi, na sikuuliza.

Desemba iliyopita tulipopanda nyumbani nikabeba mzani mdogo wa jikoni, ule wa betri, na kaunta buku. Nikamwambia mama safari hii sitaki anifundishe kupika, nataka kumpima.

Siku ya kwanza ilikuwa mtori. Mama akafungua kopo la chumvi, akachota kwa vidole vyote vitano, mkono ukawa tayari juu ya sufuria. Nikaweka kibakuli chini ya ngumi yake. "Mama, subiri, dondoshea humu kwanza." Akaniangalia. "Unanipimia kama niko dukani?" Lakini akadondosha. Gramu 9. Nikamwomba achote tena kama vile hajachota. Gramu 9. Mara ya tatu gramu 8. Mama hajawahi kutumia mzani jikoni mwake, na mkono wake haukosei zaidi ya gramu moja! Nikachota mimi, kwa namna ile ile niliyomwona akifanya tangu utoto. Gramu 15. Viganja vyangu ni vya upande wa baba, vikubwa. Miaka yote mtori wangu unazidi chumvi na nilikuwa nalaumu chumvi yenyewe.

Basi nauandika hapa kama ulivyo kwenye daftari. Nyama ya kidari yenye mifupa kilo 1, maji lita 3, chumvi konzi moja ya mama (gramu 9), ichemke polepole saa moja na nusu. Ndizi mchare mbichi 14. Paka mafuta mikononi kabla ya kumenya maana utomvu wake ukishika nguo hautoki, na kila ndizi ukiimenya itumbukize kwenye maji isiwe nyeusi. Baada ya kumenya mzani ulisoma kilo 1 na gramu 300. Toa nyama, tia ndizi na kitunguu kwenye supu ile ile, konzi ya pili ya chumvi, funika. Mama haangalii saa. Anabonyeza ndizi kwa mgongo wa mwiko ukingoni mwa sufuria, ikipasuka bila kubishana anaanza kuponda. Nilipima mimi: dakika 35. Ukiinua mwiko mtori uanguke kwa mabonge, usitiririke. Nyama unaichambua mifupa, unaikatakata, unairudisha, samli vijiko viwili vya chakula, umemaliza. Wapo wanaotia karoti, nyanya na hoho, sigombani nao, lakini kwa mzazi aliyejifungua mama hatii chochote kati ya hivyo.

Nimefundishwa na mama, naye alifundishwa na bibi, Kibosho.

Ombi langu: ukileta pishi, leta na kipimo, na useme ulilipata kwa nani. Kama mwenye mkono bado yupo hai, nenda kampime kwanza, sisi tutakusubiri. Na mwenye kujua habari za kiburu cha zamani anisaidie.

Mrombo

Aika mleta uzi. Umenikumbusha nyumbani mpaka nimemeza mate.

Mimi naleta mbege ya shangazi, Rombo, upande wa Mashati. Ndizi zinaivishwa mpaka zinalegea, zinamenywa, zinachemshwa kwenye pipa karibu kutwa nzima hadi rangi inageuka nyekundu ya udongo. Zinapoa, zinafunikwa, zinakaa siku tatu nne zichachuke, halafu zinachujwa. Ulezi unalowekwa, unaoteshwa kama siku tatu mpaka vichipukizi vitokeze, unaanikwa, unasagwa, unapikwa uji. Uji ukipoa unachanganywa na yale maji ya ndizi, na kesho yake watu wanakaa chini ya mti. Kipimo cha shangazi: debe moja la maji ya ndizi kwa sado moja ya unga wa ulezi. Ulezi ukipungua pombe inakuwa nyepesi, ukizidi unakunywa uji.

Msesewe ndio unaoleta ule uchungu na kufanya pombe isiharibike haraka.

Binti wa Kibosho

Mangi, msesewe anatia kiasi gani?

Mrombo

Hapo nitakunyima, na sikunyimi kwa uchoyo. Lile ni gamba la mti na lina dawa kali ndani yake. Shangazi mwenyewe alikaa miaka akimtilia mama mkwe wake maji tu kabla hajaruhusiwa kushika msesewe. Anayetaka akakae na mtu anayepika, asichukue kipimo kwenye uzi.

Binti wa Kibosho

Nimekuelewa. Hilo nalo naliandika kwenye daftari hivyo hivyo.

Mama wa Majengo

Asalaam aleikum. Mimi mzaliwa wa Pangani, nimeolewa Moshi mwaka 1994 na sijahama Majengo tangu hapo.

Mwanangu, umetaja konzi, nimefurahi sana. Watoto wa siku hizi wanasema "mkono" tu. Konzi ni ile unayoshika kwa vidole umefumba. Ukufi ni kiganja kimefunguliwa, kimejaa, hakimwagiki. Chopa ni cha vitu virefu, kama mchicha. Halafu ndiyo unakuja kibaba, vibaba viwili kisaga, vibaba vinne pishi. Bibi zetu hawakuwa wanakisia, walikuwa na vipimo na kila kimoja kina jina lake. Sasa kila kitu sado na kopo.

Mimi pishi langu ni mkate wa kumimina, na Moshi ndipo uliponitesa. Kwetu nikiukoroga asubuhi, naswali, nafagia uwanja, nikirudi umeshaumuka. Mwaka wangu wa kwanza hapa, mwezi wa saba, nikafuata vile vile, nikamimina, ukatoka mgumu kama kigae. Mara mbili, mara tatu. Nikaona aibu mbele ya wakwe. Jirani yangu wa ng'ambo ya ua, mama wa Kichaga kutoka Uru, akaniambia, "Hamira yako inasikia baridi." Akanionyesha kuweka bakuli karibu na jiko la mkaa lililokwisha kupungua moto, limefunikwa kanga. Ukaumuka baada ya saa mbili na zaidi. Tangu hapo mwezi wa sita na wa saba nautengea muda.

Vipimo: mchele nusu kilo, uloweke usiku kucha. Tui zito la nazi moja kubwa, kikombe kimoja na nusu. Sukari kikombe kimoja, hamira kijiko cha chai kimoja kisicho na mlima, iliki punje kumi za kutwanga. Mchele unasagwa na tui mpaka ukishika kati ya vidole husikii chenga. Sukari tia baada ya kuumuka, ukiitia mwanzo rojo linakuwa jepesi. Sufuria ipate moto na mafuta kidogo kabla ya kumimina, ndiyo vile vitundu vinasimama. Chini makaa machache, juu ya mfuniko makaa mengi.

Huyo jirani alipojifungua mimi ndiye niliyemfulia, na yeye mwaka 1997 nilipojifungua mwanangu wa kwanza ndiye aliyeniletea mtori siku arobaini mfululizo, kwenye hotipoti nyekundu. Sasa hivi mabinti zake wanaupika mkate wangu kuliko mabinti zangu. Kwa hiyo andika: mkate umetoka kwa mama yangu, Pangani, na ujanja wa baridi umetoka Uru.

Mtoto wa Kiborloni, Dar

Wakuu nina swali la kweli. Mimi niko Dar es Salaam, Tabata. Nikipika maharage kwa muda aliokuwa anatumia mama Moshi yanarojeka. Na dada yangu aliyeolewa Arusha analalamika kwamba makande ya mama hayaivi, anachoma mkaa mpaka anakasirika. Maharage yanatoka gunia moja! Tatizo ni nini?

Mwalimu wa Sakina

Tatizo ni mlima, mkuu. Nimefundisha fizikia miaka mingi na wanafunzi wangu wa Arusha niliwapimisha hili kwa kipimajoto.

Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi na maji yanachemka mapema kabla hayajapata joto kamili. Dar yanachemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Arusha mjini, mita kama 1,400 juu ya bahari, yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Hata ukiongeza mkaa, hayapandi zaidi ya hapo, yanakauka tu. Moshi mjini ni chini zaidi, Kibosho na Marangu juu unakaribia au unapita Arusha. Kwa hiyo pishi la bibi lina anwani. Ukilihamisha, muda nao unahama. Dada yako aloweke mahindi na maharage usiku mzima, na akiwa na sufuria ya presha aitumie, ile inazuia mvuke usitoke ndiyo maana joto linapanda.

Mleta uzi, ningeomba kila anayeleta pishi aandike na mahali lilipopikwa.

Binti wa Kibosho

Mwalimu shikamoo, na asante. Naongeza safu kwenye daftari kuanzia leo. Mtori wangu wa dakika 35 uandikwe: jikoni kwa mama, Kibosho, kuni.

Mkunga mstaafu

Nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka 31, mkoa wa Kilimanjaro. Naomba kusema mambo mawili kwa upendo.

Magadi yanalainisha maharage, hilo ni kweli, ganda linaachia upesi. Lakini yanaharibu vitamini B1 iliyomo, na yakizidi chakula kinakuwa na ladha ya sabuni. Kwa hiyo bibi aliyesema "kidogo" alikuwa na sababu.

La pili maziwa. Naona tunaelekea kwenye mgando. Msigandishe maziwa mabichi kama zamani. Brusela inapita humo, na kifua kikuu cha ng'ombe nacho. Nimeona wanawake wametoka mimba kwa ugonjwa ambao ungezuiwa na sufuria na moto. Chemsha, acha yapoe hadi ukitia kidole yanakuwa vuguvugu, tia vijiko viwili vya mgando wa jana kwa kila lita, funika, usiyatikise. Kesho yamesimama. Ladha ni ile ile kabisa.

Mdau wa Uru

Mleta uzi, kuhusu kiburu. Bibi yangu hakutia magadi yenyewe kwenye chungu. Jioni alikuwa anachukua donge la magadi, yale ya mawe yanayotoka Natron, analoweka kwenye bakuli la maji. Asubuhi uchafu na mchanga umetulia chini. Anamimina maji ya juu tu, yale meupe, ndiyo yanaingia kwenye maharage. Chini anamwaga. Sijui kama na wa Kibosho walifanya hivyo. Kaulize.

Binti wa Kibosho

Nimesoma hii nikiwa kazini, nimeshindwa kuendelea. Nampigia mama mdogo.

Binti wa Kibosho

Wakuu. Mama mdogo amesema hivi: "Eeh, kulikuwa na bakuli la udongo dirishani, tulikatazwa kuligusa. Tulidhani ni dawa ya babu." Ameona bakuli hilo utoto wake wote! Mama yangu, ambaye ni mkubwa, hakumbuki kabisa, maana aliolewa mapema na huko alikoolewa magadi yalikuwa yanatiwa ya unga.

Naomba wiki mbili.

Mdau wa Ngaramtoni

Wakati tunasubiri kiburu, Arusha tunaleta loshoro. Hiki ni chakula cha Waarusha na Wameru, na naomba asiye wa huku asikiite makande yenye maziwa, tunaumia.

Mahindi meupe yaliyokobolewa, sado nusu. Mama yangu alikuwa anakoboa mwenyewe kwa kinu, ananyunyizia maji, anatwanga mpaka ganda linatoka, anapepeta. Siku hizi unanunua soko la Kilombero, Arusha, yameshakobolewa. Loweka usiku. Chemsha bila chumvi, saa tatu na zaidi, mpaka punje ikipasuliwa kwa kucha haina kiini kigumu. Zikibaki kama dakika 45 tia ndizi mbichi sita zilizomenywa. Maji yakauke karibu yote. Ponda, lakini punje nyingine zibaki nzima, loshoro inatafunwa.

Hapa ndipo wengi wanaharibu: maziwa mgando hayaingii chakula kikiwa cha moto. Yatakatika, utabaki na vibonge na maji ya kijani. Funika, nenda kafanye kazi nyingine. Mama alikuwa anagusa chungu kwa shavu. Kikiwa cha joto la shavu ndiyo anamimina mgando, lita moja na nusu kwa kiasi hicho, anakoroga kwa mwiko mrefu. Tunakula kikiwa baridi, na kikilala usiku kinakuwa kitamu zaidi.

Mgando wake ulikuwa wa kibuyu. Kibuyu kinasafishwa kwa kijinga cha oloirien, yule mzeituni wa porini, unakisugua ndani kingali na moto, unakung'uta majivu. Ile harufu ya moshi ndani ya maziwa siwezi kuwaeleza. Nimejaribu kwenye ndoo ya plastiki, haipo.

Nimefundishwa na mama. Yeye hayupo tena, ametangulia mwaka juzi, kwa hiyo lile shavu sikulipima.

Mkunga mstaafu

Pole sana mwanangu. Joto la shavu ni kama nyuzi 35 hivi. Mama yako alikuwa sahihi, ndilo joto ninalolisema la vuguvugu.

Mdau wa Ngaramtoni

Asante mama. Nimelisoma mara nyingi hili jibu lako.

Binti wa Kibosho

Nimerudi wakuu. Wiki mbili zimekuwa tatu, mniwie radhi, kulikuwa na msiba mtaani.

Kiburu. Nimenunua donge la magadi soko la Mbuyuni, nikaliponda, nikapima gramu 5, nikaloweka kwenye maji kikombe kimoja usiku kucha. Asubuhi chini kulikuwa na tope la kijivu, unene wa ukucha. Mara ya kwanza nikatumia maji yote ya juu kwa maharage nusu kilo. Yalilainika sana lakini ulimi ulisikia sabuni, kama mkunga alivyosema. Mara ya pili nusu kikombe, bado kwa mbali. Mara ya tatu robo kikombe.

Maharage yakikaribia kuiva nikapanga mchare 10 juu yake, nzima nzima, kitunguu kimoja, chumvi konzi moja (ya mama, siyo yangu, nimeshajirekebisha), nikafunika na jani la mgomba chini ya mfuniko kama bibi alivyokuwa anafanya. Sikukoroga mpaka mwisho. Kilipoiva ndizi zilikuwa zimegeuka rangi, nyekundu ya kufifia kwa mbali, ile rangi ambayo hatukuwahi kuipata. Nikaponda kidogo tu, mafuta vijiko viwili.

Jumapili nikapanda nacho Kibosho kwenye hotipoti. Mama alikula mwiko wa kwanza akanyamaza. Nikajua linakuja lile neno. Akasema, "Kimekaribia." Halafu akasukuma sahani niongeze. Akala ya pili, akaomba nimsomee kwenye daftari nimetia magadi kiasi gani, nikamsomea, akasema, "Kesho loweka tena, nitakaa hapo nikuone."

Mama mdogo naye amekumbuka kitu kingine: lile bakuli lilikuwa linafunikwa na kipande cha kigae. Sijui kama kina maana yoyote kwenye ladha. Nimeandika.

Na loshoro nimepika juzi, Moshi mjini, mkaa, saa mbili na dakika 50. Niliweka shavu. Wanangu wamekula mpaka asubuhi. Mdau wa Ngaramtoni, nataka kuiandika vizuri kwenye daftari, ile sehemu ya "imetoka kwa nani". Sipendi kuandika "mdau wa mtandaoni". Niandike jina gani la mama?

Mdau wa Ngaramtoni

Andika Yeyoo. Sote tulimwita hivyo, na majirani pia.